Orodha ya Mama Mdogo

Sebuleni kwetu kuna meza mbili. Ya dirishani ni ya Mama. Ya pili ilikuwa ya chakula mpaka Mama Mdogo alipohamia kwetu, na tangu hapo tunakula tumepakata sahani.

Mama hutengeneza laptopu. Wateja wanamwita Mama Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza analomwambia kila anayeingia na laptopu kwapani. Ukimtajia jina lililoandikwa kwenye mfuniko anakutazama kama mtu anayesomewa gazeti la juzi. Anaigeuza, anafungua skrubu za chini, anasoma maandishi ya kila kadi kwa miwani na tochi ya simu. Halafu anaiwasha na kuiuliza yenyewe. Kuna amri anaandika, nayo laptopu inataja vifaa vyake vyote, kila kimoja na namba yake. Mama anaziamini namba zile kuliko anavyowaamini watu. Aliwahi kutuonyesha laptopu mbili zilizofanana kila kitu, rangi ile ile, jina lile lile, kumbe ndani kila moja ina kadi yake ya waifai.

Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo naeleza kama nilivyoelewa kwa kutazama. Ndani ya kompyuta kuna programu inayoitwa kiini, ndiyo inayoamka kwanza na kuongea na vifaa: kioo, kibodi, spika, kamera. Kila kifaa kina draiva yake, yaani kijiprogramu kinachojua kuongea nacho. Kiini kinachokuja tayari kimebeba draiva za vifaa vya dunia nzima, kama mtu anayekwenda kulala ugenini usiku mmoja na kabati zima la nguo. Laptopu mpya haioni tabu. Laptopu nzee inahema. Kwa hiyo Mama hutengeneza kiini kipya, chenye draiva za laptopu ile tu, nayo inakuwa nyepesi.

Ana kazi moja hairuki. Kabla ya kuandika orodha ya draiva analeta beseni la plastiki lenye kipanya, flashi, vipokea sauti, waya wa mtandao na kadi ya kamera, anavichomeka kimoja kimoja. Anaiita kuamsha nyumba. Draiva nyingine zinalala mpaka kifaa chake kichomekwe. Ikilala huioni, usipoiona huiandiki, na usipoiandika kiini kipya hakitaijua mpaka ukitengeneze tena.

Mama alijifunza haya kwa kusimama nyuma ya watu, kwenye duka la kuchapisha barua alikokuwa akifagia. Babu alipougua iliamuliwa Mama abaki kumuuguza na mdogo wake amalize shule. Mama akisimulia habari hiyo husema iliamuliwa. Hasemi nani aliamua.

Basi Mama Mdogo alikuja kwetu mwaka juzi, ndoa ikiwa imemshinda, na sanduku moja na pasi. Mama akamfundisha kazi. Alimshika mkono kabisa kumwonyesha bisibisi inavyokaa, na miezi ile ya mwanzo sijawahi kumwona Mama akiwa na furaha vile. Alikuwa anaimba akifungua skrubu. Halafu wateja wakaanza kucheka kwenye ile meza ya pili.

Mama Mdogo ana mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mtu akilalamika laptopu yake inachelewa, atamwambia hata wewe ulichelewa kuileta, mmetoka nyumba moja. Wakampa jina la Chapuchapu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliingia siku moja, akampita Mama mlangoni kabisa, akauliza Chapuchapu yupo. Mama akamjibu yupo Subiri peke yake. Kinyozi akasema basi atarudi.

Tangu siku hiyo Mama akawa anahesabu. Hakusema, lakini nilimwona. Mtu akiingia, Mama hutazama anamsalimia nani kwanza. Mama Mdogo akimaliza kazi, Mama humwambia hongera kama mtu anayesafisha koo. Hata mimi nilishikwa. Nilicheka jambo alilosema Mama Mdogo, wala silikumbuki, na Mama bila kuinua macho akasema, "Nenda basi ukakae kwake." Kwake penyewe ni hatua nne.

Ndipo alipokuja Mkuu wa chuo cha wauguzi. Chuo kilikuwa kimepewa laptopu thelathini kutoka ofisi moja iliyofungwa, zote nzee. Alitaka fundi wa kuzifanya nyepesi, na fundi huyo angepewa chumba pale chuoni na kazi ya kudumu, siku tatu kwa wiki. Mama amekuwa akikitaka chumba cha kazi tangu nina akili. Chumba chenye mlango, kisichopita watu na masufuria. Mkuu alizungumza naye muda mrefu na Mama akaeleza kila kitu, namba, kadi, beseni. Kila laptopu siku mbili, akasema.

Wakati huo Mama Mdogo alikuwa akimchekesha mwalimu aliyekuja na Mkuu. Mkuu akageuka. Walipoagana akatuachia laptopu moja ya mfano, tuipeleke chuoni siku ya Ijumaa ikiwa tayari, akasema afadhali aje kuionyesha huyu mdogo, anaeleza kwa lugha ya watu. Mama akasema sawa. Aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Alhamisi mchana Mama Mdogo akagundua jambo. Ipo amri moja inayotazama draiva zote zilizo macho wakati ule, ikatengeneza orodha yenyewe na kutupa nyingine zote. Huchagui kwa mkono. Kile ambacho Mama hufanya kwa siku mbili yeye alikuwa amekimaliza kabla chai haijapoa, imebaki laptopu kujitengenezea kiini. Alikuja na laptopu imefunguka mikononi, akiwa peku, anang'aa.

"Dada, hebu nitazamie."

Mama akavaa miwani. Orodha ilijaa kioo na nusu. Akaanza kushuka nayo kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyofanya siku zote. Mimi nilikuwa nakunja nguo kwenye kochi. Niliona kidole kinashuka, kinashuka, kisha kikasimama. Kilisimama kitambo. Midomo ya Mama ikafunguka kidogo. Nilijua ameona kitu, ingawa sikujua nini, maana mimi kwenye orodha zile naona herufi tu.

Kisha kidole kikaendelea mpaka chini.

"Iko sawa," Mama akasema.

Mama Mdogo akambusu utosini akaondoka mbio. Mama alivua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena. Jioni ile alipika vizuri na akampakulia mdogo wake kwanza.

Ijumaa tulikwenda wote watatu. Walimu walikuwa wamekaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamebana. Mama Mdogo akaiweka laptopu mezani, akaomba mwenye saa ahesabu, akabonyeza. Ikaamka kwa sekunde kumi na moja. Ile ya pembeni, ambayo haijaguswa, ilikuwa bado inazungusha kiduara. Walimu wakapiga makofi. Akawachezea sauti, akawaonyesha kamera, akachomeka kipanya kikatembea. Akasema hii sasa inaamka mapema kuliko muuguzi wa zamu, na Mkuu mwenyewe akacheka mpaka akashika kifua. Mama alikaa nyuma karibu na dirisha. Mkoba ulikuwa mapajani, na vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga zipu.

Mwalimu mmoja mzee akainuka, akatoa flashi kwenye mfuko wa shati. Akasema hapa chuoni mtandao hakuna wa maana, masomo yote wanapeana kwa flashi, basi tuone somo lake la mifupa. Mama Mdogo akaichomeka.

Hakikutokea kitu. Akaitoa akaipuliza, akairudisha. Akajaribu tundu jingine. Akachomeka kipanya tundu lile lile, kikatembea. Akarudisha flashi, kimya. Mwalimu akaichukua akaichomeka kwenye ile laptopu ya pembeni, ile nzito, na mifupa ikajitokeza kioo kizima.

Hapo nikaelewa kidole kilisimama wapi. Mama Mdogo alikuwa amevuta kila kitu kwa waifai, kipanya alikuwa nacho mkononi, lakini flashi haikuguswa siku ile, draiva yake ilikuwa imelala, na amri ikaitupa pamoja na nyingine. Beseni hakulileta. Jambo ambalo Mama angelisema kwa neno moja.

Mama Mdogo aligeuka akamtafuta Mama kwa macho. "Dada," akasema, polepole, kama anayeomba maji. Mama akatazama nje. Kulikuwa na mtu anafagia ua, na Mama alimtazama yule mtu kama ndiye aliyekuja kumwona.

Mwalimu mmoja alinong'ona, jirani yake akacheka. Mkuu akatazama saa. Mama Mdogo aliweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Kosa ni langu," akasema. "Draiva ya flashi haimo. Dada yangu yule pale alinifundisha nichomeke kila kitu kabla ya kuandika orodha, mimi nikakimbilia kumaliza. Yeye hakosei hivi. Kama kazi ipo, mpeni yeye."

Wote wakageuka kumtazama Mama. Mkuu akamuuliza kama anaweza kuirekebisha. Mama alisimama, mkoba ukaanguka, vitu vikamwagika, mimi nikaviokota. Akasema anaweza. Jumatatu. Mkuu akasema basi aanze yeye Jumatatu na chumba atakikuta wazi. Ikaisha hivyo, watu wakatoka kwenda kunywa chai.

Tulirudi kwa miguu. Mama Mdogo alibeba laptopu, akawa anajicheka mwenyewe, akimwigiza mwalimu wa mifupa na flashi yake. Mama hakucheka. Tulipofika kwenye ukuta mrefu wa ghala, pale ambapo hapapiti magari mengi, akasimama.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Jana. Kwenye orodha. Niliona kwamba haimo."

Mama Mdogo alihamisha laptopu kutoka kwapa moja kwenda jingine.

"Kidole nilikiona kimesimama," akasema. "Nilidhani umependa."

Mama akaanza kusema kuwa hajui nini kilimwingia, kwamba tangu wakiwa wadogo kila kitu, kila mtu, na hakuweza kumaliza. Mama Mdogo akasema twende, jua kali. Hakukasirika kwa namna ninayoijua mimi. Alitangulia tu, na hakumwigiza tena yule mwalimu.

Sasa Mama ana chumba chake chuoni, chenye mlango na kitasa. Mkuu alisema thelathini ni nyingi kwa mtu mmoja na Mama akamchukua mdogo wake wasaidiane. Wanagawana kumi na tano, kumi na tano. Nikiwapelekea chakula nawakuta wamekaa meza mbili zinazotazamana. Mama Mdogo bado anachekesha watu, wauguzi wanafunzi wanapita makusudi wamsikie. Lakini siku hizi analeta beseni lake mwenyewe, na akimaliza orodha anaisoma peke yake, mara mbili, kisha anaanza kutengeneza. Kwa Mama haji nayo.

Mama alivumilia wiki tatu. Nilikuwepo siku aliyoinuka na laptopu yake imefunguka, akavuka chumba na kuiweka mbele ya mdogo wake. Nilimwona anatafuta mahali pa kuweka mikono.

"Nitazamie na wewe," akasema.

Mama Mdogo akasukuma kikombe pembeni. Akasoma taratibu, tofauti kabisa na mwendo wake, bila kuweka kidole. Alipofika mwisho akasema hajaona kinachokosekana, akairudisha na kuendelea na kazi yake.

Mama akarudi kwenye kiti. Aliikazia macho ile orodha. Halafu akavuta beseni, akachomeka kipanya, akachomoa. Akachomeka flashi. Vipokea sauti, waya, kadi ya kamera, kimoja kimoja, akilinganisha na mistari, miwani ikiteleza kila saa. Chakula kikapoa. Mama Mdogo alikuwa anamwona, meza zinatazamana, lakini akaendelea kufungua skrubu zake.

Hakukuwa na kilichokosekana. Orodha ilikuwa kamili kama alivyoambiwa. Mama aliinua macho akamtazama mdogo wake, aliyekuwa ameinamia skrubu na kuzikusanya kwenye kifuniko cha chupa, na nikaliona jicho lile lile la sebuleni, la kuhesabu nani amesalimiwa kwanza. Safari hii chumbani hapakuwa na mteja.