Orodha za Poldi Navratil

Treni yetu ilisimama Bruck karibu saa nzima bila mtu kutuambia sababu, na abiria mwenzangu akaitumia saa hiyo kunihoji. Natoka Vienna? Kwa shughuli gani? Mama yangu ni wa ukoo gani? Nikamwambia nakwenda Graz kusikiliza piano. Hakuniamini, akageukia dirisha.

Graz sikuwa nimewahi kufika. Ilikuwa Februari ya mwaka 1938, na kutoka stesheni hadi hotelini nilipishana na vijana wengi waliovaa soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini. Chama chao cha Nazi kilikuwa kimepigwa marufuku, na beji zake vilevile, lakini nani atamfunga mtu kwa ajili ya soksi?

Niliyemfuata ni Leopoldine Navratil, Poldi kwa waliomjua. Alikuwa akipiga piano na kuimba kwenye dansi ya saa kumi na moja jioni, katika hoteli ya Mama Zirngast. Mhudumu aliiona miwani yangu akanipandisha cheo palepale: “Daktari akae hapa, karibu na jiko.” Nikaketi, nikatoa daftari. Nilikosea. Meza mbili za jirani zikanyamaza.

Poldi alikuwa na miaka thelathini na minne na mabega mapana ya watu wa tanuri. Baba yake, Mcheki, alifyatua matofali Wienerberg, pembeni mwa Vienna, maisha yake yote. Poldi alipokuwa na miaka kumi na minne, mpiga piano wa sinema ya mtaani kwao aliuawa vitani, naye akakalishwa mahali pake kupiga gizani huku picha zisizo na sauti zikipita. Filamu zilipoanza kusema, walimtoa yeye na piano yake. Akaingia kwenye jazi. Aliimba kwa Kiingereza alichokariri kutoka kwenye santuri, bila kuelewa hata neno moja. Emil Rosenzweig, mkata tiketi wa sinema ileile, akamcheka: “Poldi, unaimba kama mtu anayetafuna kiazi cha moto. Ngoja nikuandikie za kwetu.” Akamwandikia. Nyimbo hizo zilimfikisha Budapest, kisha Berlin, mpaka mwaka ule ambao Berlin haikutaka tena kusikia jina la Myahudi kama Emil.

Muziki ulipopumzika alinijia moja kwa moja.

“Umetumwa na nani?”

“Sijatumwa, Bi Poldi. Naandika makala.”

“Siku hizi kila mtu anaandika. Lete.”

Akalisoma daftari akiwa amesimama. Nilikuwa nimeandika kwamba mkono wake wa kushoto huwahi kidogo. “Hilo kweli,” akasema, kisha akaketi mahali ambapo angeweza kuuona mlango, na kwa sauti ya chini akanieleza yaliyompata.

Kila mpiga piano wa hoteli hujaza orodha: wimbo gani umepigwa, nani aliutunga. Kila baada ya miezi mitatu orodha hupelekwa kwa chama cha watunzi Vienna, na mtunzi hulipwa haki yake. Wengi hujaza ovyo. Poldi alijaza kama mtoto wa shule anayeogopa fimbo: Rosenzweig, Rosenzweig, Rosenzweig, miezi mitatu, akiamini kuwa hakuna atakayezisoma ila karani wa Vienna. Asubuhi ile akaambiwa zimesomwa.

“Chumba changu kina funguo mbili,” alisema. “Mmoja ninao mimi.”

Mama Zirngast akaja, mikono kiunoni. “Mwanangu, usinitie matatani. Mwandike Ferdl ndiye mtunzi, yaishe. Nani atajua?”

“Emil atajua. Anatema damu, mama. Dawa yake na kuni zake zimo humo.”

“Na wateja wangu wakihama, utaviimbia viti?”

Ferdl Prassl, mpiga ngoma, alidakia kutoka jukwaani: “Mwache, mama! Nitaubeba huo utunzi, ingawa mimi mtu mnyenyekevu.” Wenye soksi nyeupe wakaangua kicheko.

“Ferdl,” Poldi akamjibu, “wewe hata mluzi wa kumwita mbwa huwezi kuutunga.”

Mama Zirngast akasema anataka orodha mpya kesho asubuhi, akaondoka. Lakini chama cha watunzi kilikuwa kinafunga hesabu Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

“Posta je?” nikauliza.

“Karani wa posta ni shemeji yake Ferdl.”

“Basi nipe mimi. Kesho narudi Vienna.”

Akanirudishia daftari. “Orodha zimesomwa leo. Na wewe umefika leo.”

“Imetokea tu.”

“Labda.”

Akarudi kwenye piano. Katikati ya wimbo wa pili alisimama, akaomba dakika tano akajipake poda. Ferdl aliendelea kupiga ngoma peke yake, na wachezaji wakaendelea kuzunguka, kwa kuwa kusimama kungeonekana. Mimi nilitazama dirishani. Nikamwona anavuka barabara na sanduku lake, bila kofia.

Nilimkuta stesheni, treni ya Vienna ikiwa tayari. Nikanyoosha mkono nimsaidie sanduku. Akalihamishia upande wa pili. Kifuani, chini ya koti, karatasi za orodha zilisikika zikichakarika alipopumua.

“Unakwenda wapi?” akaniuliza.

“Naweza kukusindikiza. Peke yako, na watu hawa...”

“Tiketi umekata?”

“Bado.”

“Usikate. Ukipanda treni hii, nitajua umetumwa.”

Kila jibu nililokuwa nalo, mtu aliyetumwa angelitoa pia. Nikarudi nyuma hatua mbili, ili azione zote mbili. Akapanda. Treni ilipoanza kwenda nilimwona amesimama kwenye ujia wa behewa, ingawa viti vilikuwa vitupu, mkono ukiwa juu ya koti, macho kwangu, akihakikisha kwamba nabaki.