Pipi za Posa

Mwiko wa plastiki ukiniungulia jikoni, ile harufu hunichekesha peke yangu. Nyumbani kwetu Matrah, huko Omani, baba alikuwa akiyeyusha plastiki laini na kuimimina kwenye kalibu za plasta, apate vyambo vya kuvulia, vyekundu, umbo la dagaa. Siku moja aliviacha vipoe sahanini. Wakaja wageni kumposa shangazi, na bibi yangu, asiyeona vizuri, akawapelekea sahani ile.

“Nna pipi hapa, karibuni.”

Mama wa mposaji akatia kimoja mdomoni, akatafuna kwa adabu, akatafuna tena. Baba akatokea mlangoni, akaona, akarudi alikotoka.

“Tamu,” mgeni akasema mwishowe, “lakini imekaza.”

Shangazi aliolewa. Mama mkwe wake, hadi leo, akija kwetu hula tende tu, tena huipasua kwanza.