Usiku Nilipokata Nyama Wimbo Haujaisha

Waliokuwepo wacha niwataje. Kamau, meneja wa ile baa ya Kitengela, ndiye aliniandika kazi. Musyoka wa gitaa la besi, jirani yangu wa ploti ya vyumba vya kupanga. Lemayian wa saksafoni, kijana wa huku Kajiado. Mzee Nkoitoi, baba yake Lemayian, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga baa. Na mimi Mama Wangari, mchoma nyama.

Kazi hiyo niliianzia Kajiado mjini, kwa bucha ya Mzee Mutua. Siku ya kwanza alinipa kisu akasema, "Mama, moto kila mtu anajua kuwasha. Kazi ni kujua saa ya kukata." Nyama ikitoka kwa makaa unaiweka kando kwanza, maji yake yarudi ndani. Halafu unaibeba na ubao mpaka meza ya mteja, unaikata akiona. Ukikatia jikoni atasema umebakisha mfupa mzuri.

Kitengela nilikuta sheria nyingine. Kamau aliniambia, "Ijumaa ni jazi, Mama. Wimbo ukiendelea, kisu kinyamaze."

"Na nyama ikipoa?"

"Watakula ikiwa baridi."

Sasa, Lemayian alikuwa ameuza mitamba mitatu aliyopewa na baba yake, akanunua saksafoni. Mzee aliacha kuongea na yeye. Ijumaa moja tukamwona Mzee ameingia na fimbo na shuka, akaketi peke yake, akaagiza chai. Musyoka akaenda kumsalimia.

"Nimekuja kuona hiyo kitu ilikula ng'ombe wangu," Mzee akamwambia. "Kesho huyu anarudi nyumbani kuchunga."

Musyoka akarudi kwa wenzake. "Lemayian, piga vizuri, ama kesho utapigia mbuzi." Wakacheka, lakini Lemayian hakucheka. Nilimwona akipangusa mikono kwa suruali, mara mbili, mara tatu.

Akaanza. Mimi nimezoea nyimbo za kanisa na mugithi yetu ya Kikuyu, nyimbo unajua zinaenda wapi. Hii haikuwa na maneno. Ilianza chini, kama mtu anabembeleza ng'ombe akikamua, ikapanda polepole mpaka nikahisi kifua changu ni kidogo. Nilisimama tu na katoni ya kupepea moto mkononi, sipepei. Sikujua kitu cha chuma kinaweza kuomba hivyo.

Halafu ikanyamaza. Besi ya Musyoka peke yake ndiyo ilibaki, chini chini. Watu wakapiga makofi, nami nikadhani wimbo umeisha. Kamau alikuwa amemwagizia Mzee mbavu za mbuzi, nikabeba ubao mpaka meza yake, nikashusha kisu. Ka! Ka! Baa nzima ikageuka.

Mzee akalaza fimbo yake juu ya ubao. "Mama, weka kisu. Hajamaliza."

"Lakini si amenyamaza, Mzee?"

"Kwetu anayeongoza wimbo akinyamaza, wengine wanamshikia wimbo. Anasikiliza wamefika wapi. Lazima arudi."

Na akarudi. Saksafoni ilirudi ikiwa juu kuliko pale ilituachia. Sisi tulikuwa tumesikia jazi kila Ijumaa. Mzee alikuwa anaisikia mara ya kwanza.

Ilipoisha kweli, Lemayian alikuja akainamisha kichwa mbele ya baba yake, vile vijana wa Kimaasai husalimia wazee. Mzee akamgusa kichwa, kisha akaiangalia ile saksafoni.

"Kesho nitaenda peke yangu," akasema. Akavua shuka yake, akampa. "Ifunike. Hapa kwenu kuna baridi."

Mimi niliacha kazi magoti yalipokataa kusimama. Nimechomea nyama wakubwa na wadogo, na majina yao niko nayo, lakini usiku ninaourudia nikikosa usingizi ni huo. Kama ulikuwa hapo na nimekosea mahali, niambie. Shuka mimi naikumbuka nyekundu, Musyoka anasema ilikuwa ya bluu. Labda ni yeye anasema ukweli, kwa sababu saa hiyo mimi sikuwa naona vizuri. Niliwaambia ni moshi.