Kitabu cha Kuku na Mchumba wa Taveta

Watu wakiniuliza ni kitabu gani kilinifanya mwandishi, hutarajia nitaje kitu kizito. Kilikuwa kitabu cha kufuga kuku. Bwana mifugo alikiacha kwetu Mbololo miaka ya hamsini, na ukiondoa Biblia hatukuwa na kingine. Biblia ilikuwa ya baba. Kile cha kuku niliachiwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza shule, nafundisha watoto wadogo, na jioni nilimsomea nyanya yangu, ambaye hakujua kusoma. Tulipofika kwenye ugonjwa wa kideri, akataka kujua kama yule tetea mwekundu wa kwenye picha alipona. Kitabu hakikusema. Nikamwambia alipona. Kesho yake akauliza alipona vipi, nikalazimika kumtungia tetea mume, mawifi wenye wivu, na safari ya kwenda Voi kutafuta dawa. Majirani wakaanza kuja kusikiliza. Mmoja alilia machozi tetea alipofiwa na vifaranga, kisha akaenda kwake kula kuku.

Basi akaja mchumba kuniposa, karani kutoka Taveta, na mkungu wa ndizi begani. Baba alimuuliza mambo ya kanisa na kazi, akaridhika. Nyanya hakuridhika. Aliniagiza nilete kitabu, nisome sura ya kuchagua jogoo wa mbegu.

Nilisoma bila kuinua uso, nikichungulia kwa pembe ya jicho. Macho yawe maangavu, nikasoma. Nyanya akamshika mgeni kidevu, akamgeuzia mlangoni penye mwanga. Miguu iwe imara. Akaambiwa atembee mpaka ghalani na kurudi. Alitembea akiinua magoti, kwa heshima zote. Kifua kiwe kipana. Akavuta pumzi mpaka kifungo cha shati kikaruka.

"Na sauti?" nyanya akauliza.

Nikasema kitabu kinataka jogoo asikike mbali. Mgeni alimtazama baba, baba akatazama dari. Basi akavua kofia, akawika. Jogoo wetu akamjibu kutoka nyuma ya nyumba, na mama aliyekuwa jikoni akauliza kumekucha saa ngapi.

Nyanya alikitazama kile kichwa kisicho na kofia, kilichokwisha kuanza upara.

"Kilemba cha jogoo hana," akasema, "lakini mengine yote yako sawa. Mchukue."

Nilimchukua. Kwa kweli nilikuwa nimeshaamua alipofika ghalani, kwa sababu mtu anayekubali kukaguliwa hivyo na bado akageuka kunichekea hawezi kuwa mume mbaya.

Baadaye nilisoma vitabu vingi, vya wafalme na vita. Lakini nilipotuma hadithi yangu ya kwanza gazetini, mhariri aliniuliza kwa nini kila mtu ndani yake anaelezwa kuanzia miguu. Nilimjibu kwamba ndiyo inayomleta mtu mlangoni. Akaona jibu lina hekima, akaichapa.