Namba Sita Ambayo Haikutoka

Mwaka tuliohamia Gisenyi, Rwanda, nilirudishwa darasa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, kule Tanzania nilikuwa miongoni mwa wanafunzi watatu wa kwanza, na sasa nilikaa benchi moja na watoto walionifika begani, kwa sababu moja tu: sikujua Kifaransa. Hesabu nilizijua, lakini swali la hesabu lenyewe sikulielewa. Mwalimu wa Kifaransa, mwanamume mrefu aliyekuja kila asubuhi kwa baiskeli kutoka Rugerero, aliniuliza jambo siku ya kwanza, akarudia polepole, na mimi nikamtazama tu midomo. Siku hiyo nilijiambia kwamba katika darasa lile sitakaa miaka miwili.

Baba, ambaye alikuwa karani katika ofisi ya serikali, alikuwa na njia yake. Aliazima kamusi nene na kuniamuru nikariri ukurasa mmoja kila siku, kuanzia herufi A. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu. Nikajua maneno mengi yanayoanza na A, na bado sikuweza kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Tulikaa mtaa wa Nengo, katika nyumba iliyotenganishwa na ya jirani kwa ukuta mfupi wa mawe meusi. Jirani alikuwa mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyerudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, pamoja na binti yake wa umri wangu. Binti huyo alizungumza Kifaransa bila kufikiri, kama mtu anayemenya ndizi. Shuleni alikuwa darasa moja mbele yangu. Nikavuka ukuta Jumapili moja baada ya misa, nikamwambia wazi kwamba nataka anifundishe. Alinitazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na katoni ya sabuni. Ndani yake mlikuwa na vitabu vitano vya katuni, vyenye majalada magumu, vilivyoandikwa namba moja hadi tano.

Vilikuwa vya kaka yake mkubwa, aliyekwenda kusoma Ubelgiji. Walipokuwa Goma, kaka huyo alikuwa na mashine ya michezo ya televisheni, na katika mchezo mmoja mlikuwa na mzamiaji aliyevaa kofia kubwa ya shaba, anayetafuta mji uliozama chini ya bahari. Mchezo ulipopendwa, waliouunda huko Ulaya wakamtoa yule mzamiaji kwenye kioo na kumtungia vitabu vyake. Mashine ilibaki Goma na sijui iliishia wapi. Vitabu vilivuka mpaka pamoja na masufuria.

Mchezo wenyewe sikuwahi kuuona, kwa hiyo rafiki yangu alinieleza kwa mikono: anavyoruka, anavyogeuka, anavyowakwepa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, wanaotoka kwenye mashimo. Kilichomshangaza zaidi hata yeye ni ukurasa wa kwanza wa namba moja, ambapo mzamiaji anaivua kofia, na kumbe ni mwanamke mwenye mwanya na maneno mengi.

"Kwenye jeu, ule mchezo, hana hata sura," aliniambia. "Ni hapa ndiyo balimutoa kofia."

Maneno hayo mengi yalinifaa. Tuliwekeana sharti: ukurasa mmoja kwa siku, na siruhusiwi kufungua wa pili kabla sijausimulia wa kwanza kwa Kifaransa, bila kitabu, mbele yake. Nikikosea alinirudisha mwanzo. Hakuwa na huruma, na sikutaka anihurumie. Picha zilinisaidia kukisia, na hamu ya kujua yatakayotokea ilinisukuma kuliko kamusi yoyote. Niliokota matusi ya mabaharia kabla ya salamu, lakini niliokota. Niliwasimulia mbuzi, nikausimulia ukuta, nikajisimulia mwenyewe nikiwa njiani kwenda shule, hadi watu wakanigeukia.

Baba alipoviona vitabu hakufurahi. Alisema hakutuvusha nchi nzima ili nisome katuni za watoto, akavichukua na kuviweka juu ya kabati. Nilimwomba mara mbili akakataa. Wiki iliyofuata nilitoka shule mapema, nikamkuta amekuja nyumbani kula mchana. Sahani ilikuwa imesukumwa pembeni, na namba mbili iko magotini pake. Alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari. Ofisini barua zote zilikuwa za Kifaransa, na yeye alikuwa ametoka Tanzania kama mimi. Nilirudi uani taratibu. Jioni vitabu vilikuwa mezani, na tangu siku hiyo tulikuwa wanafunzi wawili.

Nilifika mwisho wa namba tano baada ya miezi minne. Katika ukurasa wa mwisho mkunga anaukata mpira unaompelekea mzamiaji hewa. Picha ya mwisho haionyeshi mtu, ni mapovu tu yakipanda, na chini yake imeandikwa kwamba hadithi inaendelea katika namba sita.

Namba sita hatukuwa nayo. Mama muuza sambaza alikuwa akivuka kwenda Goma kila mpaka ulipofunguliwa, nikamwomba anitafutie. Mara ya kwanza alirudi akasema hakupata nafasi. Mara ya pili alisema yule mzee anayeuza vitabu vikuukuu karibu na soko hakuwepo. Mara ya tatu alitua beseni lake mlangoni, akatuita sote wawili.

"Haiko," alisema. "Ule muzee alisema namba sita haikutoka hata siku moja. Bale batu ba jeu balifunga kazi, na kitabu ikakufa pamoja nayo."

Nilikasirika kama mtu aliyedhulumiwa. Nilikuwa nimefanya kazi miezi minne kumfikia mwanamke yule, halafu watu nisiowajua wamemwacha chini ya maji na kwenda zao. Nikamwambia rafiki yangu kwamba namba sita tutaitengeneza wenyewe. Mimi nitaandika kwa Kifaransa, yeye atachora, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri. Alikubali pale pale, na pale pale tukaanza kugombana.

Yeye alitaka mambo yaende kama kwenye mchezo, ambako mzamiaji ana mitungi mitatu ya hewa. Mmoja ukiisha anakufa, na kufumba na kufumbua anaamka na wa pili. Mimi nilisema kwenye vitabu hajawahi kufa akaamka. Katika namba tatu alimzika mwenzake, na mwenzake hakurudi. Tukimwamsha hivi hivi tutakuwa tumedanganya. Aliniuliza basi atatokaje.

Jibu lilitoka kwa mama yake, aliyekuwa akianika sambaza huku akitusikiliza. Alikuwa mtoto wa wavuvi, na ziwa alilijua.

"Mutu akizama," alisema, "kwanza anatupa kila kitu iko muzito. Viatu, koti, hata nyavu kama iko mupya. Kisha anaacha maji imupandishe. Mwenye kung'ang'ania kitu, ziwa inamukamata."

Nikajua hapo hapo. Mzamiaji atatupa buti zake nzito za madini ya risasi, atatupa mfuko wa sarafu za mji uliozama, na mwisho atafungua kofia ya shaba na kuiacha izame. Rafiki yangu akaweka penseli chini. Kofia ile ndiyo ilikuwa kwenye kila jalada. Ndiyo aliyoijua tangu Goma, kabla mzamiaji hajawa na uso.

"Bila kofia, nani atamujua?" aliuliza.

"Sisi tutamjua," nilimjibu.

Hakuridhika. Siku tatu hakuja ukutani, na mimi sikwenda. Niliendelea kuandika peke yangu, nikiacha masanduku matupu kwa ajili ya picha, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba namba sita itakuwepo hata kama haina picha hata moja. Siku ya nne alivuka ukuta na karatasi mkononi. Alikuwa amechora kofia ikishuka kwenye giza, imeinama upande, na ndani ya kioo chake samaki mdogo amekwisha kuingia kuchungulia. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za vitabu vile vitano, na nilimwambia hivyo. Alisema anajua.

Daftari lilikamatwa darasani. Nilikuwa nikisahihisha ukurasa wa tisa wakati wa somo la jiografia, na mwalimu wa jiografia akalipeleka kwa mwalimu wa Kifaransa. Niliitwa siku iliyofuata baada ya masomo. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa kiboko. Mwalimu alikuwa ameshika baiskeli yake, tayari kuondoka, na daftari limebanwa kwenye kibebeo. Alilifungua. Wino mwekundu ulikuwa umejaa kuliko wangu wa buluu. Darasani hakuwahi kusema Kiswahili, lakini hapo uani alisema.

"Bon. Makosa iko mingi sana. Lakini nilisoma mupaka mwisho. Andika upya, uniletee."

Niliandika upya. Nikampelekea, akaweka nyekundu tena. Nikaandika mara ya tatu. Wakati huo mji wetu haukuwa na utulivu, na kulikuwa na siku ambazo shule haikufunguliwa na hakuna aliyetueleza sababu. Siku hizo niliandika zaidi. Mara ya nne alirudisha daftari likiwa na alama nyekundu chache mno, nyingine za koma tu. Rafiki yangu akanakili kila kitu kwenye karatasi safi, akazishona kwa uzi wa nyavu.

Mtihani wa mwisho wa mwaka nilifaulu. Baba alisoma ripoti yangu ya shule mwenyewe, kwa Kifaransa, toka juu hadi chini, na kosa moja la matamshi nikaliacha lipite.

Namba sita ilizunguka benchi kwa benchi, ikarudi imelegea na inanuka mikono ya watu. Msichana mmoja wa darasa la chini alitufuata hadi nyumbani kutulalamikia. Alisema tumekosea, kwamba mzamiaji angeweza kuifunga kofia kwa kamba na kuivuta baadaye. Tulibishana naye ukutani mpaka mama muuza sambaza akatufukuza. Rafiki yangu akamwambia kama anaona anajua, aandike yake. Tulidhani tumemnyamazisha.

Baada ya likizo alikuja na daftari lenye namba sita yake. Picha zake zilikuwa mbaya, mikono ya mzamiaji mirefu kuliko miguu, na kamba yake haikuwa na maana yoyote. Hata hivyo tuliketi tukalisoma lote, mpaka mwisho.