Mume Wangu Aliapa kwa Talaka Yangu Kwamba Ameacha Kamari

(Mwenye barua hii ni wa Temeke. Jina lake tunalo sisi, na litabaki kwetu.)

Bwana Mhariri, na nyie mnaosomeana gazeti hili barazani, salaam. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nina watoto watatu, na mume wangu ni karani bandarini Kurasini. Nimeshika kalamu mwenyewe, sikumwomba mtu aniandikie, kwa hiyo ukali wa maneno haya ni wangu. Nina hasira.

Huyu bwana anacheza karata tatu tangu hajanioa. Sikuambiwa. Mwanzo nilidhani ana mwanamke nje, nikawa namnusa kanzu, kumbe mwanamke mwenyewe ni karata. Vyombo vyangu vya harusi vilikwenda, kitanda cha samadari alichoninunulia marehemu baba kikaenda. Kila akirudi analia, tena analia kweli, na wiki ya pili yuko pale pale.

Mwaka jana ndugu zake wakachoka, wakaitana kikao. Mjomba wake, anayeogopwa na ukoo mzima, akasema dawa ya huyu ni moja tu, aape kwa talaka. Mie niko nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Nikamsikia mume wangu anasema mbele ya mashahidi wanne: "Nikishika tena karata ya kamari, mke wangu ana talaka tatu." Kwa wasiojua sheria yetu, siku atakayoshika ndoa imekwisha, na hatuwezi kurudiana mpaka niolewe na mwingine naye aniache. Wote wakaitikia alhamdulillahi! Wakala halua! Hakuna aliyefunua pazia kuniuliza, na wewe unasemaje? Jamani, mtu ni mcheza kamari, halafu wanampa dau jingine akacheze, na dau lenyewe ni mie.

Miezi minne alitulia. Akitoka kazini ni moja kwa moja nyumbani, anawasomesha watoto. Nikaanza hata kunenepa. Basi mwezi uliopita nikaenda Keko kuhani msiba, mchana kweupe, nikakata uchochoroni kufupisha njia. Nikamkuta amekaa kitako juu ya gunia, karata mkononi, watu watatu wamemzunguka. Akaniona. Mnajua neno la kwanza lililomtoka? Si nisamehe. Alisema, "Usimwambie mtu."

Tulipofika nyumbani nikamwambia haya, nieleze. Akanieleza, na hapo nikashindwa hata kumtukana. "Nilisema natazama tu," akasema. "Nilijua kabisa nikigusa, wewe umeondoka. Nikawa nawaona watoto machoni pangu. Na bado nikataka kujua karata inayofuata ni ipi. Sikutaka hata kushinda." Nikamtazama, nikaona huyu mtu hanidanganyi. Huyu ni mgonjwa. Tulikuwa tunamwapisha mgonjwa, kana kwamba homa nayo huapishwa ikasikia!

Mtaani kwetu yuko fundi cherehani, Mkristo kutoka bara, na kila mtu anajua kwamba alicheza kamari miaka saba akaacha. Nikamwendea na kitambaa kama nashonesha gauni, nikamwuliza, kaka, wewe uliachaje? Hakunicheka. Akasema viapo alikula vingi na havikumsaidia kitu. Aliacha siku alipokwenda kwa ndugu zake akawaambia nimeshindwa, nishikeni, nao wakaacha kumsema wakaanza kukaa naye. Siku ya mshahara kaka yake alimngoja mlango wa kazini wakarudi pamoja. Ile njia ya wacheza kamari hapiti hata leo, anazunguka mbali. "Mlete," akaniambia, "nitakaa naye kila Jumamosi. Lakini kwanza aseme kwao. Anayeficha haachi, dada yangu, nayajua hayo."

Mnaona nilivyobanwa? Ili apone ni lazima aseme alicheza. Akisema alicheza, mie si mkewe. Kiapo walichokiita dawa ndicho kinachomziba mdomo!

Nilimwambia mama mkwe, maana namheshimu. Akanishika mkono. "Mwanangu, nani mwingine aliyemwona? Basi nyamaza. Hakupigi, hana mke wa pili. Kwa karata tu uvunje nyumba?" Lo! Yaani mie niishi katika zinaa ili ukoo wao usiaibike, na huku mwanawe anateketea! Tangu siku ile ya Keko nalala na watoto, naye anadhani nimenuna na itapita. Juzi kaja na msahafu, eti nimwapishe upya. Nikamwuliza, "Utaapa kwa kipi sasa? Mke umeshammaliza." Akakaa chini akalia, na mie nikaenda uani nikalia vyangu.

Basi nyie mlio mbali na ukoo ule ndio mnisaidie. Niende kwa kadhi nikaseme nilichokiona, nikakae eda kwa mama yangu, mjomba na mashahidi wake wajue, na yeye apate watu wa kumshika? Watoto wangu watabaki wapi? Au ninyamaze, niwe na mume mgonjwa ambaye si mume? Msiniambie nisubiri, nimesubiri miaka kumi na mmoja. Wala asitokee mtu kusema simpendi. Ningekuwa simpendi, siku ile ningetoka Keko moja kwa moja hadi kwa kadhi. Nishaurini nifanye nini, tena upesi, maana leo asubuhi amechemsha chai mwenyewe, akaniita mke wangu, na mie nikaitika.