Bibi Kifungo na Neno la Kulia Chakula

Siku niliyomwona Bibi Kifungo kwa mara ya kwanza, alikuwa anakata uzi kwa meno. Ilikuwa saa ya kula, wiki yangu ya pili katika kiwanda kikubwa cha kufua mashuka ya hospitali, mbali kabisa na kwetu. Chumba cha kulia kilikuwa na meza moja ndefu na mabenchi mawili, lakini watu walikuwa wamejitenga, kila mmoja na chombo chake: huyu dirishani, yule juu ya ndoo, wapiga pasi wawili wamegeukia ukuta. Tulitoka nchi mbalimbali, na lugha ya pale wote tuliisema kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni.

Jambo hilo nililiona la ajabu, maana kazi yenyewe ni ya watu wawili. Shuka moja, wewe pembe mbili, mwenzako pembe mbili, mnasogeleana mpaka mikono inagusana. Tulishikana mikono mchana kutwa, halafu tunakula tumepeana migongo.

Nilikaa mezani kwa kuwa sikuona pengine. Yeye alikuwa upande wa pili, anashonea kifungo kwenye koti la daktari, na mbele yake hakuna chakula. Mimi ni mtu wa haya tangu utoto. Mwalimu wangu wa darasa la tatu aliniita Kobe, na jina likanifuata mpaka la saba nilipoachia shule. Lakini kwetu huwezi kutia tonge mdomoni mbele ya mtu hivi hivi tu. Nikafungua maharage yangu, nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, nikasema kwa sauti ya kuyanong'oneza maharage yenyewe: "Karibu."

Sindano ikasimama. Akanitazama, akaweka koti chini, naye akainamisha kichwa.

"Kalibu," akasema polepole, akafumba macho.

Kisha akatoa mkate mfukoni mwa aproni, akaumega, akanisogezea nusu, nusu yake akaichovya kwenye maharage yangu. Hapo nikaelewa. Alidhani nasali.

Ningemsahihisha palepale, lakini mwenye haya hukawia, na ukikawia siku moja, ya pili inakuwa mlima. Kesho yake nilimkuta ameshakaa, ananingoja niseme. Keshokutwa aliwaita wapiga pasi. Kabla mwezi haujaisha tulikuwa tisa mezani, vichwa chini, "kalibu," halafu vyombo vinazunguka na watu wanadokoana viazi.

Alikuwa na miaka sitini na kitu, mfupi, na shingoni alivaa uzi uliotungwa vifungo vya akiba vya kila rangi. Ndiyo asili ya jina lake. Alianza kushona akiwa na miaka saba, akirudishia vifungo vya mashati ya kaka zake watano ambao, alisema, walivua nguo kama watu wanaokimbia moto. Ugenini alikuwa na mwaka wa kumi na moja. Mumewe alizikwa kwao bila yeye kuwepo, kwa sababu ruhusa ya kusafiri ilichelewa siku nne.

"Siku ile nilijishona mdomo," aliniambia tukikunja shuka. "Sikumwambia Mungu neno tena. Kila neno la lugha yangu lilikuwa na hasira ndani yake. Halafu ukaja wewe na neno lako. Hilo halijui hasira yangu. Kwa hilo naweza kusema naye."

Sasa nimwambie vipi kwamba neno lenyewe si sala, ni adabu tu ya kulia chakula? Nilimwona akirudi kwa Mungu akipita juu ya ubao niliouweka mimi kwa bahati mbaya, na ubao ule ulikuwa umeoza.

Mbali na mimi, dereva wa gari la mashuka ndiye peke yake aliyejua Kiswahili pale. Siku moja akaingia chumbani akatukuta tumeinama, "kalibu." Akacheka mpaka akashika mlango. Akanivuta kando.

"Kaka, umewafanya nini watu hawa?"

"Nyamaza, Dereva."

"Wanaombea maharage kwa neno 'karibu'! Mchungaji Maharage! Na sadaka unakusanya lini?"

"Nakuomba, ndugu yangu."

Akaacha kucheka. "Yule bibi anafumba macho kabisa. Mwambie wewe kabla sijamwambia mimi. Njia ya mwongo fupi."

Mchana uleule nikaenda kwenye cherehani yake, nikamweleza. Akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Si sala?"

"Si sala, Bibi. Ukila mbele ya mtu, unamwambia aje mle pamoja. Basi."

Akarudisha mguu, akaendelea kushona, nami nikaona anaushona mfuko wa koti mpaka ukaziba kabisa.

Kesho yake hakuja mezani. Tulikaa wanane na vyombo vimefunguliwa, na hakuna aliyeanza. Mpiga pasi mmoja, jitu la watu, akasema kama mtoto, "Yuko wapi? Chakula kinapoa." Wote wakanitazama. Nikabeba chombo changu mpaka kwenye cherehani.

"Bibi, karibu," nikasema, naitazama sakafu.

"Leo unaniita mimi?"

"Wewe."

"Na siku ile ya kwanza? Ulitaka nije?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini uongo ulikuwa umeshanichosha. "Hapana, Bibi. Nilisema kwa mazoea. Kwetu mtu akikaribishwa hivyo hujibu, endelea, mimi nimeshiba."

"Hata akiwa na njaa?"

"Hasa akiwa na njaa."

Akacheka mpaka vifungo vikagongana shingoni. "Kumbe mimi ndiye niliyekosa adabu! Nilikuwa sijala tangu jana yake." Kisha akainua sindano, akaielekeza juu kwenye mabati. "Na Huyo, mimi nilidhani unamkaribisha Yeye. Naye hajui adabu zenu. Alikuja. Nilimsikia akikaa."

Nimeingia nyumba za ibada tangu nabebwa mgongoni, na mahubiri nimesikia mengi. Hayo maneno matatu ndiyo niliyoyaamini moja kwa moja, bila kuuliza, na mpaka leo nayaamini.

"Twende," akasema, akichukua chombo changu. "Wale hawajui kuanza."

Tulikula hivyo miaka miwili zaidi. Kisha binti yake aliyeolewa mji mwingine akajifungua, akamwita mama yake akaishi naye. Siku ya kuondoka, Dereva aliipakia cherehani garini kwa mikono yake mwenyewe. "Bibi, nami nipe baraka ya maharage," akamwambia. Akapewa kifungo chekundu, akakitia mfukoni bila utani.

Mimi nilisimama mlangoni mwa gari natazama viatu vyangu. Nilikuwa na maneno mengi, yakatoka mawili. "Kwaheri, Bibi."

Akanigusa kidevu kwa kidole chenye kastabini ya chuma ya kushonea, baridi, akakiinua mpaka nikamwona machoni.

"Ukimwita Mungu, inama tu, atakuona," akasema. "Ukiwaita watu, inua uso."